Nyumba ya kwanza ya kupangisha Tanga: piga hesabu ya kodi kabla ya kutoa arubuni

Mpangaji wangu wa kwanza alikuwa nesi kijana aliyeanza kazi hospitali ya Bombo. Aliingia Disemba 2023. Siku ya pili jioni alibisha hodi, simu mkononi. "Baba mwenye nyumba, umeme wangu umekwenda wapi?" Alikuwa amenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 10,000 na kupata yuniti za kuhesabu kwa vidole. Nilisoma ujumbe wake nikaelewa. Nyumba ilikaa tupu tangu Juni, na muda wote huo mita iliendelea kuhesabu kodi ya majengo, shilingi 1,500 kila mwezi. Miezi sita ikawa 9,000. Zote zilikatwa kwa mkupuo, kutoka mfukoni mwa binti asiye na tofali hata moja katika nyumba ile. Nilimrudishia pesa yake palepale, na aibu niliyoona siku ile sijaisahau.

Hiyo ilikuwa ndogo. Mwezi uliofuata nilikwenda ofisi ya ardhi kufuatilia uhamisho wa hati, nikakuta nyumba ina deni la kodi ya pango la ardhi la miaka tisa. Muuzaji alishapokea pesa yake yote na kuhamia mkoa mwingine. Nililipa mimi.

Ndiyo maana naandika mwongozo huu kwa anayetafuta nyumba ya kwanza ya kupangisha hapa Tanga, iwe Ngamiani, Makorora, Mabawa, Mikanjuni au kule Kange. Viwango vya kodi zetu si vya kumkatisha mtu tamaa. Kinachomtia mnunuzi hasara ni kwamba kodi nyingi hufuata nyumba na kumwacha muuzaji aende zake, halafu mnunuzi huzijua akiwa ameshalipa. Ukizijua mapema, zinakuwa hoja yako wakati wa kupatana bei.

Hatua ya 1: Tenganisha majina kwanza

Kiswahili chetu kinatumia neno "kodi" kwa anachotoa mpangaji na kwa anachochukua serikali. Dalali akikwambia "kodi ya hapa haina tabu", hujui anasema ipi. Kwa hiyo katika mwongozo huu, anachotoa mpangaji nitakiita pango. Za serikali nitazitaja kwa jina kamili, nawe uzoee kuzitaja hivyo unapouliza:

Kodi ya majengo inatozwa juu ya jengo. Kodi ya pango la ardhi inatozwa juu ya kiwanja chenye hati au barua ya toleo (ile ya kukupa kiwanja kabla ya hati), kwa sababu ardhi yote ni ya umma na wewe una haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa, 33, 66 au 99. Kodi ya zuio inatozwa juu ya pango unalopokea. Ushuru wa stempu unatozwa juu ya hati na mikataba. Na kodi ya ongezeko la mtaji inatozwa juu ya faida ya anayeuza. Hii ya mwisho ni ya muuzaji, lakini nitaonyesha jinsi inavyoweza kukuangukia wewe.

Watu wengi wakisikia kodi za nyumba huuliza ile ya LUKU tu. Kwa nyumba ya kawaida hiyo ndiyo ndogo kuliko zote.

Hatua ya 2: Soma mita kabla hujasoma kuta

Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda kuwa 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa katika jiji kama Tanga hulipiwa kwa kila sakafu: ilikuwa 5,000 kwa mwezi, ikawa 7,500, yaani 90,000 kwa mwaka kwa sakafu moja.

Hapo pana jambo la kutazama. Nyumba ya chini yenye vyumba sita inalipa 18,000 kwa mwaka. Nyumba ya sakafu mbili yenye vyumba vilevile sita inalipa 180,000. Mara kumi. Mtu akikuonyesha nyumba ya zamani mjini ambayo juu pamebomoka na wapangaji wako chini tu, usidhani utalipia chini peke yake. Uliza jengo limesajiliwaje.

Ukifika kwenye nyumba, omba namba ya mita, au namba za mita zote, na omba uonyeshwe ujumbe wa ununuzi wa umeme wa karibuni. Ujumbe huo hueleza mengi kuliko maneno ya dalali: kiasi kilicholipwa, kilichokatwa, na kilichobaki kununua yuniti. Kama hakuna aliyenunua umeme kwa miezi minane, kuna 12,000 zinamsubiri atakayenunua. Nunua wewe umeme wa kwanza siku unapokabidhiwa funguo, ili deni liishe kabla mpangaji hajaingia.

Mambo matatu zaidi kuhusu mita, na yote nimeyaona hapahapa.

La kwanza ni nyumba yenye mita nyingi. Wenye nyumba wengi huweka mita kwa kila mpangaji ili kuepusha ugomvi wa umeme, jambo zuri. Lakini jengo ni moja na kodi ya majengo ni moja. Kama mita zaidi ya moja zinakatwa kwa jengo lilelile, mwenye nyumba anatakiwa kwenda TRA, Mamlaka ya Mapato, akaeleze, ibaki mita moja. Wengi hawaendi kwa sababu anayekatwa ni mpangaji. Nenda. Nyumba ya mita nne inayokatwa kote inatoa 72,000 kwa mwaka badala ya 18,000.

La pili ni msamaha wa wazee. Mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato husamehewa kodi ya majengo kwa nyumba moja anayoishi mwenyewe. Msamaha ule ni wa mtu, si wa kuta. Bi mkubwa akikwambia kwa moyo safi kwamba nyumba yake haijawahi kukatwa chochote, anasema kweli, ila siku utakapoinunua na kuipangisha, hesabu inaanza.

La tatu ni haki ya mpangaji. Kodi ya majengo ni ya mmiliki. Anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo kila mwezi analipa deni lako. Ama mrudishie, ama mkate kwenye pango, na muandike kwenye mkataba. Mimi nimechagua njia nyepesi: pango la mwaka la nyumba yenye mita ya kukatwa limepunguzwa 18,000, na mpangaji anajua kwa nini.

Hatua ya 3: Nenda ardhi, na uende mwenyewe

Hapa ndipo nilipokosea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kodi ya pango la ardhi haina kiwango kimoja. Hutegemea ukubwa wa kiwanja kwa mita za mraba, kilipo, na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Kiwanja cha makazi na kiwanja cha biashara vilivyopakana vinaweza kulipa tofauti kubwa. Kwa hiyo usikubali kuambiwa "huku watu wanalipa elfu thelathini". Taka ankara ya kiwanja hichohicho.

Kuipata ni rahisi ukiwa na namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Ofisi ya ardhi ya jiji itakutolea ankara yenye namba ya kumbukumbu ya malipo, ile ndefu inayoanza na 99. Menyu ya huduma za serikali kwa simu, *152*00#, nayo ina mlango wa ardhi. Ankara huonyesha ya mwaka huu na malimbikizo. Kama muuzaji anasema amelipa, mwombe stakabadhi za miaka mitano. Aliyelipa kweli huwa nazo, au anajua mtoto gani anazo.

Muuzaji wangu alikuwa na stakabadhi moja, ya zamani, iliyofifia wino. Niliitazama nikaridhika kwa sababu nilikuwa naitaka nyumba ile. Ilikuwa na baraza nzuri na mwembe uani. Mtu anayeitaka nyumba sana hasomi tarehe.

Pamoja na ankara, omba upekuzi rasmi wa hati kwa Msajili wa Hati. Upekuzi hukuonyesha jina lililosajiliwa, muda uliobaki wa hati, na kama kuna rehani ya benki au pingamizi la mtu asiyetaka iuzwe. Tazama matumizi: kama hati inasema makazi na wewe unataka kufungua fremu tatu za maduka mbele, ubadilishaji wa matumizi una utaratibu na ada zake, na pango la ardhi litabadilika. Tazama pia muda. Hati ya miaka 33 iliyotolewa zamani inaweza kuwa imebakiza miaka michache, na kuhuisha nako kuna gharama.

Nyumba nyingi za Ngamiani na Chumbageni ni za urithi. Babu alijenga, akafa, watoto wamekaa, sasa wajukuu wanataka kuuza wagawane. Jina kwenye hati bado ni la babu. Hapo muuzaji halali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wote wanapaswa kuwa wamekubali kwa maandishi. Zaidi ya ugomvi wa warithi, kuna upande wa kodi: nyumba ya namna hii mara nyingi haijalipiwa pango la ardhi tangu mzee afariki, kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake analipa. Hesabu miaka tangu kifo, halafu kachukue ankara.

Kama muuzaji ana ndoa na nyumba ni ya familia, idhini ya mwenza ni lazima. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mwenza aliyebaki nyumbani asiuziwe paa juu ya kichwa chake.

Na nyumba isiyo na hati? Zipo nyingi, na zinapangishika vizuri. Mara nyingi haina ankara ya pango la ardhi leo, kwa hiyo inaonekana rahisi. Lakini mtaa ukirasimishwa, yaani viwanja vikipimwa na kutambuliwa rasmi, utalipia upimaji, hati, na kuanzia hapo pango la ardhi kila mwaka. Weka fungu kwa siku hiyo. Kodi ya majengo utalipa hata bila hati, maana yenyewe inafuata jengo.

Hatua ya 4: Jua nani analipa nini siku ya kuhamisha

Uhamisho una kodi mbili kubwa.

Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Nyumba ya milioni 45 inadai 450,000. Hati inatakiwa kulipiwa ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Ukichelewa kuna adhabu. Usifikirie kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili upunguze. Uhamisho unakwenda na ripoti ya mthamini, na kodi hutazama thamani iliyoidhinishwa. Tena bei ndogo uliyoandika leo itakurudia siku ya kuuza, kama utakavyoona.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji. Mkazi hulipa asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa alichotumia kununua na kuendeleza, kwa ushahidi. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia au thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Hili la asilimia 3 lilianza 2023 na limewasaidia warithi wengi, maana nani ana risiti za saruji za mwaka 1974?

Sasa sikiliza vizuri. Msajili hahamishi jina mpaka kodi hii iwe imelipwa. Muuzaji akishapokea pesa yote, haraka yake imekwisha. Mwenye shida ya hati ni wewe. Ndipo unaposikia "lipa tu, tutarekebishana". Kwa nyumba ya milioni 45 asilimia 3 ni 1,350,000. Dawa yake nitaieleza kwenye hatua ya mkataba.

Na kwa kuwa leo unanunua na kesho utauza, fungua jalada siku ya kwanza. Tuseme umenunua kwa milioni 45, umeweka bati jipya na choo kwa milioni 8, ukauza kwa milioni 60. Ukiwa na risiti, faida ni milioni 7 na kodi ni 700,000. Bila risiti, asilimia 3 ya milioni 60 ni 1,800,000. Tofauti ya 1,100,000 iko ndani ya bahasha ya karatasi. Mafundi wetu hawazoei kutoa risiti, lakini duka la vifaa linatoa. Na fundi anaweza kusaini makubaliano ya kazi yenye kiasi na tarehe.

Ada za usajili, mthamini na wakili zinakwenda kando ya hizi. Ziulize zote kabla, uziandike. Serikali ya mtaa ikihusika kama shahidi, chochote utakachotoa kiwe na stakabadhi.

Hatua ya 5: Asilimia kumi ya pango

Hii ndiyo kodi kubwa ya kila mwaka, na ndiyo inayosahaulika kabisa kwenye hesabu za nyumba ya kwanza. Pango lina kodi ya zuio ya asilimia 10. Anayelipa pango anatakiwa kukata, kupeleka TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na kukupa hati ya kuthibitisha kwamba kodi hiyo imekatwa. Inatoka kwenye pango lako. Siyo nyongeza juu ya mpangaji, ingawa sheria ilipopanuliwa mwaka 2022 watu wengi waliielewa hivyo na wapangaji walilalamika mtaani.

Mpangaji wa kampuni, duka la dawa au taasisi atakata bila kukuuliza. Mpangaji wa chumba kimoja Mabawa hatakata, hajui hata pa kuanzia. Wewe usijifiche nyuma yake. Chukua TIN (namba ya mlipakodi), nenda dawati la TRA, eleza una nyumba ya kupangisha, waulize namna ya kulipa kwa wapangaji wa aina yako. Mimi nililiogopa dawati lile kwa miezi mingi, na nilipokwenda nilimaliza asubuhi moja.

Kuna mambo mawili ya kutazama hapa.

Pango letu hulipwa kwa mkupuo wa miezi mitatu, sita au mwaka. Mpangaji wa chumba cha 50,000 akileta miezi sita, mkononi una 300,000, na 30,000 ndani yake si zako. Itenge siku hiyohiyo. Pesa ya kodi iliyolala pamoja na pesa ya sokoni haifiki TRA.

La pili ni neno "mkononi". Unapatana na mpangaji wa fremu: "Nataka laki tatu mkononi." Yeye anasikia laki tatu, anakata asilimia 10, unapata 270,000, mnaanza kununiana. Kama unataka 300,000 baada ya zuio, pango la mkataba ni karibu 333,300, kwa sababu asilimia 10 yake ni karibu 33,300. Andika kiasi kabla ya kodi na kiasi baada ya kodi, vyote viwili.

Mkataba wa upangaji nao una ushuru wa stempu, asilimia 1 ya pango la mwaka. Ni kiasi kidogo, lakini mkataba usiolipiwa hukosa nguvu siku utakapouhitaji mahakamani. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, haihusu nyumba ya kuishi, kwa hiyo iache.

Hatua ya 6: Piga hesabu kutoka chini kwenda juu

Tuchukue nyumba ya mfano, Makorora, vyumba sita, choo cha kuchangia, chumba 50,000. Muuzaji anataka milioni 45. Dalali atakufanyia hesabu yake kibarazani: "Shekhe, laki tatu kwa mwezi, milioni tatu na laki sita kwa mwaka. Asilimia nane hiyo! Benki gani itakupa?"

Sasa hesabu ya mwenye nyumba. Vyumba havijai mwaka mzima. Mpangaji anatoka, chumba kinapakwa rangi, anatafutwa mwingine. Toa sawa na mwezi mmoja wa nyumba nzima, 300,000. Kinachoingia kweli ni 3,300,000.

Kodi ya zuio, asilimia 10, ni 330,000. Ushuru wa stempu wa mikataba, asilimia 1, ni 33,000. Kodi ya majengo 18,000. Pango la ardhi tuweke 40,000 kwa ajili ya mfano. Wewe weka la kwenye ankara yako. Jumla ya kodi za mwaka ni 421,000.

Matengenezo tuweke 400,000. Usiyapunguze. Chumvi ya bahari ya Tanga inakula bati na nondo, na jinsi unavyokaribia Raskazone au Sahare ndivyo inavyokula haraka.

Kinachobaki: 3,300,000, ukitoa 421,000, ukitoa 400,000, ni 2,479,000.

Upande wa ulichotoa: bei 45,000,000, ushuru wa stempu 450,000, na wakili, mthamini na ada tuweke 1,500,000. Jumla 46,950,000. Gawanya. Unapata asilimia 5.3 kwa mwaka, na dalali alisema nane. Ukikubali kumlipia muuzaji asilimia 3 yake, jumla inafika 48,300,000 na wewe unashuka hadi asilimia 5.1. Ukirithi na malimbikizo ya pango la ardhi ya miaka tisa, 360,000 kabla ya riba, unashuka tena.

Usiishie hapo. Geuza hesabu. Amua kiasi unachotaka nyumba ikupe, halafu tafuta bei inayokubaliana nacho. Tuseme unataka asilimia 7. Gawanya 2,479,000 kwa 0.07, unapata kama milioni 35.4, hiyo ndiyo jumla ya kila kitu. Toa 1,500,000 za wakili na wenzake, toa asilimia 1 ya stempu, inabaki bei ya karibu milioni 33 na nusu. Hiyo ndiyo namba unayokwenda nayo kibarazani. Huenda muuzaji akakataa, na hiyo ni haki yake. Lakini sasa unajua kwamba milioni 11 na nusu za juu unazitoa kwa sababu nyingine, labda kwa sababu ya mwembe, kama nilivyofanya mimi.

Tahadhari moja kuhusu bei za sasa. Tangu bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lielekezwe Chongoleani hapa Tanga, na bandari kupanuliwa, wauzaji wengi wanauza nyumba kwa bei ya pango la kesho. Pango la kesho halijalipwa na mtu. Piga hesabu kwa pango ambalo majirani wanapokea leo. Pita nyumba tano za mtaa huohuo, uliza wapangaji, siyo madalali.

Na kila Juni sikiliza bajeti. Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha, na mabadiliko huanza tarehe 1 Julai. Kodi ya majengo ilipanda kwa nusu kwa namna hiyo. Kwenye daftari lako acha nafasi.

Hatua ya 7: Viingize kwenye mkataba wa mauziano

Ulichokigundua hakina maana kama hakijaandikwa. Mwambie wakili aweke haya, kwa Kiswahili ambacho wewe na muuzaji mnakielewa:

- Muuzaji atalipa malimbikizo yote ya pango la ardhi, kodi ya majengo, maji na umeme hadi siku ya makabidhiano, na ataleta stakabadhi.
- Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji.
- Sehemu ya bei, inayozidi makadirio ya kodi hizo, itabaki kwa wakili hadi TRA ithibitishe malipo na uhamisho upokelewe.
- Kama upekuzi utaonyesha kasoro isiyorekebishika, arubuni inarudi, kwa tarehe inayotajwa.

Hicho kifungu cha tatu ndicho dawa niliyoahidi. Katika mfano wetu mwachie wakili milioni 3. Muuzaji mwenye nia njema hulalamika kidogo halafu hukubali, maana pesa ni yake na iko salama. Anayekataa katakata, muulize kwa upole sababu, na usikilize vizuri jibu lake.

Kama familia ina shida ya kweli, mgonjwa au ada za watoto, unaweza kulipa malimbikizo wewe kwa niaba yao, kwa namba ya malipo ya serikali, na kukata kwenye bei. Nimefanya hivyo kwenye nyumba ya pili. Mama mmoja mjane hakuwa na njia ya kulipa pango la ardhi kabla ya kuuza. Tulikwenda naye ofisini, nikalipa mbele yake, tukaandika kiasi, tukakitoa kwenye bei. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza wa umiliki

Uhamisho ukikamilika, hakikisha ankara ya pango la ardhi inatoka kwa jina lako. Likibaki jina la zamani, ujumbe wa kudai unakwenda kwa mtu mwingine na deni linakua kimyakimya. Badilisha jina kwenye akaunti ya maji. Nenda TRA na namba za mita ukalinganishe na jengo.

Fungua laini ya simu ya nyumba, au akaunti ndogo ya benki, ambamo asilimia 15 ya kila pango inaingia kabla hujagusa. Katika mfano wetu kodi zote zilikula kama asilimia 13 ya kilichoingia, kwa hiyo 15 inatosha na kubaki kidogo cha bomba lililopasuka. Wapangaji wako wape risiti. Mpangaji mwenye risiti hakugombezi, na siku TRA wakikuuliza una kumbukumbu zako.

Yule nesi wa Bombo bado ni mpangaji wangu. Ukutani mwa ukumbi wake nimebandika karatasi yenye namba ya mita, tarehe ya mwisho niliyolipa pango la ardhi, na kiasi cha kodi ya majengo kilichotolewa kwenye pango lake. Kila Julai naibadilisha.